Zamani ilibidi kipepeo afe ndiyo atulie. Leo huna sababu

Msee, kabla hujakopa pesa ununue simu ya kamera tatu ndiyo upige picha za vipepeo, nipe dakika mbili. Mimi huwapiga picha wikendi nyingi, kamera mkononi, bila tripodi. Swali ninaloulizwa sana ni moja tu: mbona picha zangu zinatoka na ukungu? Jibu lina umri wa karibu miaka 190.

Twende Paris, 1838. Louis Daguerre anaelekeza kamera yake Boulevard du Temple, barabara iliyojaa watu na farasi kama Moi Avenue jioni watu wakitoka job. Picha ikatoka tupu! Kamera ya wakati huo ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hivyo kila aliyekuwa akitembea alifutika. Anayeonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa kiwi viatu. Hiyo ndiyo siri ya ukungu: picha ni kipande cha wakati, na chochote kinachosonga ndani ya kipande hicho kinajipaka ama kinapotea kabisa.

Dawa ya kwanza ilikuwa kulazimisha kitu kitulie. Studio za zamani zilikuwa na chuma cha kushikilia kichwa chako kwa nyuma usitingishike. Sasa kipepeo utamfungia chuma gani? Wakusanyaji wa enzi hizo walimtia kwenye chupa ya sayanidi, akafa, wakamdunga pini. Ukitaka kumwona vizuri, ulienda kumwangalia kwenye sanduku la makavazi. Kipepeo wa kamera ya polepole alikuwa kipepeo aliyekufa.

Halafu watu wakageuza swali. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi. Farasi akigusa uzi, shata, kale kamlango ka kuingiza mwanga, inafunguka na kufunga mara moja. Watu wakaona kwamba farasi akikimbia, kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Mwaka 1904, Lucien Bull akatumia cheche za umeme kunasa wadudu wakiruka. Hakuna aliyemsimamisha mnyama hapo. Walichofanya ni kukata wakati uwe mfupi.

Ujanja huo uko mfukoni mwako. Kipepeo akiwa ametua, anza na shata ya 1/500 ya sekunde. Akiruka, panda hadi 1/2000. Picha ikiwa giza, ongeza ISO bila woga. Chembechembe zinaweza kupunguzwa baadaye, lakini ukungu ukishaingia umeingia. Simu yako haina mpangilio wa shata? Mfuate kipepeo kwenye jua. Mwanga ukiwa mwingi, simu yenyewe itaharakisha shata.

"Lakini simu yangu ina ile kitu ya kutuliza mtikisiko." Sawa. Canon walitoa lenzi ya kwanza ya aina hiyo kwa kamera za SLR mwaka 1995, na ni kitu poa sana. Ila inatuliza mkono wako, si mabawa ya kipepeo. Na ukisongea karibu sana, hata kuyumba kidogo mbele au nyuma kunahamisha kipepeo nje ya fokasi. Kwa hivyo bana viwiko kwenye mbavu, piga goti, toa pumzi polepole, kisha piga picha tano au sita mfululizo. Kaa usawa na bawa lake ili bawa lote liwe kwenye fokasi.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi sikubali. Kuna watu mpaka leo humweka kipepeo kwa friji apoe, azubae, ndiyo wapate picha safi. Hiyo ni kurudi kwa ile chupa ya sayanidi na kuiita content. Kipepeo hutegemea jua kupasha mwili moto, kwa hivyo asubuhi na mapema, kabla joto halijapanda, anakaa ametandaza mabawa akiota jua. Amka mapema. Hiyo friji ya asili ni ya bure na haimuumizi mtu.

Kama unadhani kipepeo hai hana faida, uliza watu wa Gede, Kilifi. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi na kuuza pupa wao ng'ambo, kwa maonyesho ya vipepeo hai. Msitu unawaingizia pesa ukiwa umesimama.

Watu walihangaika miaka mingi ndiyo kamera iweze kumngoja kiumbe anayesonga kama alivyo. Ikikataa leo, ongeza mwanga, fupisha wakati, ama umwache aende zake. Kesho kuna jua lingine.