Vita vya Kagera na Kumbukumbu za Wazee wa Moshi

Historia ya vita mara nyingi imeandikwa na waliotoa amri, si na waliobeba mizigo. Hapa Kilimanjaro tunao mfano. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi na kuwaondoa Wajerumani. Majenerali wa pande zote mbili waliandika vitabu. Lakini wapagazi wa Kiafrika, ambao zaidi ya 40,000 walikufa katika utumishi wa Waingereza peke yake, wengi wao hata makaburi yao hayajulikani. Walionusurika walirudi vijijini wakazeeka, na wengi wakafa bila kuulizwa.

Kosa hilo tusilirudie. Vijana wa Vita vya Kagera sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu mkoani Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia Taifa kwamba tutampiga. Moshi ilikuwa mbali na mstari wa mbele, lakini ilikuwa ndani ya vita. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana mjini humo, vikaunda UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili.

Vitabu vinaikumbuka Moshi kwa siku hizo tatu. Je, wananchi wa Moshi wanaikumbuka vita kwa lipi? Hilo haliwezi kujibiwa na kumbukumbu za mkutano. Litajibiwa na mgambo aliyeitwa kutoka kijijini, na dereva ambaye lori lake lilichukuliwa kusafirisha askari. Litajibiwa pia na mama aliyebaki kihambani na migomba, mibuni na watoto.

Kazi ya kuwauliza ina taratibu zake. Kwanza ni wakati. Mzee hana lazima ya kukumbuka tarehe. Tumsaidie kwa mambo anayoyajua: mwaka 1977 Chama cha Mapinduzi kilizaliwa, mpaka wa Kenya ukafungwa, njia ya Holili na Taveta ikakatika, na bei ya kahawa ilikuwa juu. Akiulizwa kama jambo lilitokea kabla au baada ya hayo, atajibu kwa uhakika.

Pili ni kazi. Tusiulize risasi tu. Tuulize nani alichuma kahawa mume alipoondoka, nani alikata majani ya ng'ombe, habari zilifikaje nyumbani. Hapo akina mama, ambao huambiwa kwamba vita si habari zao, watakuwa walimu wetu.

Tatu ni kuchambua. Wazee wengi husema kwamba vita ndiyo iliyoleta foleni za sukari na sabuni, hata katika mji ulio jirani na mashamba ya miwa ya TPC. Ni kweli vita iliigharimu nchi sana, na Mwalimu aliwaomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yalipanda bei mwaka 1979, na bei ya kahawa ilishuka. Kumbukumbu ya mzee inatueleza jinsi shida ilivyoishiwa. Chanzo chake lazima kitafutwe pia kwingine. Hayo mawili hayapingani.

Nne, na hili ndilo gumu, ni ukweli. Kada akifika na daftari, mzee anaweza kumpa majibu anayodhani Chama kinayataka. Tusiyapokee kwa furaha. Akisema kwamba mwanawe hakurudi na hakuna aliyekuja kumweleza, au kwamba aliporudi alisahauliwa, yaandikwe kama alivyosema. Kada anayefuta lalamiko la mnyonge anafanya kile kile walichofanya waandishi wa wakoloni kwa wapagazi.

Ushindi wa mwaka 1979 ulikuwa wa wananchi wote. Kwa hiyo historia yake haiwezi kuwa ya wachache. Kila tawi, kila shule mlimani, ianze na mzee mmoja wa jirani: aamkiwe, aketi, aulizwe, na asikatizwe.