Siku 20 bila mega za intaneti

Zamani, kwenye saiba za mjini Lubumbashi, tulilipia saa; ikiisha, tunaondoka. Simu iliondoa mpaka huo.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima kwa karibu siku 20. Hapo ndipo, nyumbani kwetu Katuba, nilipoona kwamba uraibu wa intaneti hauna sura moja. Mdogo wangu, aliyekuwa akibeti mpira kwa simu, akawa mkali. Ndipo tulipojua ana madeni. Yaya, yaani mkubwa wangu, alipapasa kioo cha simu bila cha kutazama. Mimi, niliyejiona mzima, niliamka saa nane za usiku kutafuta ujumbe wa WhatsApp usiokuwepo.

Jioni, mvua ikinyesha, tulizunguka mbabula, jiko la makaa, tukaongea mpaka makaa yakazima. Nazikumbuka sana jioni zile.