Kiatu Kinachoshoneka: Mtazamo wa Mtumiaji Mbele ya Fundi

Tafiti za Ulaya kuhusu viatu visivyoumiza mazingira hulalamikia pengo moja: kwenye dodoso watu husema wako tayari kulipa zaidi, wakifika dukani huchukua cha bei poa. Dar es Salaam pengo hilo lipo, ila limegeuka. Anayenunua kiatu cha mtumba soko la Karume, akakishonesha soli mara mbili, kisha akampa mdogo wake, hajiiti mtunza mazingira. Ukimuuliza, atakwambia anabana matumizi.

Nadharia ya Icek Ajzen ya mwaka 1991 inasema nia ya mtu hujengwa na mtazamo wake, matarajio ya wanaomzunguka, na imani kwamba jambo analiweza. Dodoso hukazania mtazamo. Kwa viatu, naona la tatu ndilo linaloamua, na ufunguo wake anao aliyetengeneza kiatu.

Mtazame mnunuzi mzoefu wa mitumba. Anakikunja kiatu katikati, anaibonyeza soli kwa dole gumba, anachungulia kama imeshonwa au imegandishwa tu. Ana sababu. Povu la poliurethani huozeshwa na unyevu na joto hata kiatu kikiwa kabatini; raba inayong'aa inaweza kuanza kumeguka siku chache baada ya kuvaliwa. Fundi akiipokea, sindano haina pa kushika, soli inatoka ungaunga. Lakini kiatu cha ngozi chenye soli ya mpira kikiachia, anakizungushia uzi wa nailoni ukingoni na mwenyewe anaondoka nacho. Katambuga za matairi hata hazifiki huko: mkanda ukichomoka, msumari mmoja unatosha.

Machi 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo na viatu vya mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuwaondolea manufaa ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza unafuu huo wa ushuru. Mjadala ulikuwa wa viwanda, ajira na heshima ya taifa. Kama kiatu kipya kitakachoziba nafasi ya mtumba kitashoneka, hilo lilibaki pembeni.

Watasema kushonesha viatu ni umaskini tu, kipato kikipanda fundi atakosa wateja. Kuna ukweli hapo, hasa raba mpya za bei rahisi zinapokaribia gharama ya matengenezo. Lakini hata mfanyakazi wa benki hupeleka viatu vyake vya ngozi vibadilishwe soli, mradi kazi isionekane. Anachokikwepa ni kiraka cha juu kinachosomwa na kila mtu, kutengeneza hakumsumbui.

Kwa hiyo, badala ya kumuuliza mtu anaipenda dunia kiasi gani, ningeanza na jozi yake ya mwisho aliyoitupa: aliipeleka kwa fundi kwanza, na fundi alimjibu nini?