Namna ya kuondoa muungurumo katika spika zinazotumia betri

Minadani, mikutanoni na kwenye ngoma za Wasukuma mkoani Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, spika huendeshwa pia kwa betri za volti 12. Zinapounguruma hata maneno ya msemaji yasisikike, betri hulaumiwa, ilhali umeme wake ni mkondo mnyoofu usio na mtetemo.

Aghalabu kelele hutoka kwenye inveta, inayougeuza umeme huo kuwa wa volti 230, au kwenye kidhibiti chaji cha paneli za sola. Vifaa hivyo huwasha na kuzima umeme mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na mapigo hayo hupenya hadi kwenye amplifaya. Paneli ikitenganishwa kwa muda na muungurumo ukakoma, chanzo kimejulikana.

Tiba bora ni amplifaya ya volti 12 iliyoungwa moja kwa moja na betri kwa nyaya nene na fupi, fyuzi ikiwa karibu na ncha chanya. Inveta isipoepukika, ifaayo ni ya wimbi laini, nayo iwekwe mbali na waya wa maikrofoni. Aidha, simu inayopiga muziki isichajiwe kwa betri hiyohiyo, kwani waya wa chaji na wa sauti huweza kufanya mzunguko unaoleta kelele.