Fundi wa Ndia Kuu na Daraja Aliyopewa

Apitaye Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka upande wa Ngomeni kuelekea kaskazini baina ya majumba yaliyosongamana, hupita chini ya roshani za mbao zilizotokezwa nje ya ukuta na kuegemezwa juu ya mihimili iliyochongwa, na mbele ya milango ambayo mingine imejaa maua na majani ya nakshi, na mingine imegawanywa miraba midogo midogo kwa mtindo wa Kigujerati. Na kazi hizo, ambazo nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, aghalabu hazikuandikwa jina la aliyezitenda. Wenyeji hutosheka kusema kwamba ni kazi ya fundi, na katika matamshi yao neno hilo ni heshima kamili.

A. C. Madan, katika kamusi yake iliyochapishwa Oxford mwaka 1903, alimweleza fundi kuwa ni mtu aliye stadi wa sanaa au kazi yoyote hata akaweza kuwafunza wengine, na katika mifano yake akawataja mwashi, seremala, mshoni, mhunzi na hata dobi. Na kamusi ya mwaka 1939, iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson, iliiacha maana hiyo vile vile. Kiini chake ni kitenzi funda, kilichozaa mwanafunzi na mkufunzi, na ambacho husikika hadi leo mwari anapofundwa na somo yake kabla ya harusi. Maana ya kufundisha, kwa hiyo, haikuongezwa juu ya ufundi baadaye. Imo ndani yake tangu asili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika karakana pia. Kijana alikabidhiwa kwa fundi na mzazi wake, na muda wa mwanzo haukuwa wa kuchonga, bali wa kuzoa mavumbi ya mbao, kunoa patasi na juba, kuzijua mbao kwa harufu na kwa uzito wake, na kutazama jinsi bikari inavyozungushwa juu ya ubao hata duara zikakutana. Kisha akapewa pindo la nakshi, mahali ambapo kosa halionekani upesi. Na mwishowe, alipokwisha kuaminiwa, akapewa mfaa, ule mwimo wa katikati ya mlango unaotazamwa na kila apigaye hodi. Mafunzo yalipotimia, fundi alipewa kilemba, nacho hakikuwa lazima kiwe nguo ya kufunga kichwani, maana jina hilo ni la ada ya shukrani apewayo mwalimu.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, serikali ya Kiingereza ilileta kutoka Bara Hindi watu 31,983, wakiwamo waashi, maseremala na wahunzi, na katika daftari zake ikawaandika hao wenye kazi za mikono kwa jina la artisan. Neno hilo zamani, huko Ulaya, liliweza kumchukua hata mchoraji. Lakini wakati ulipopita Waingereza waliitenga sanaa na kazi ya mikono, na Royal Academy ilipoundwa London mwaka 1768, wachoraji, wachonga sanamu na wasanifu wa majengo walikaribishwa barazani, ilhali wachongaji wa picha za kupigia chapa walizuiliwa daraja ya juu kwa miaka mingi.

Nadhani mtenganisho huo haukuwa na mahali pa kukaa katika pwani yetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945, alichonga mbao, alitunga mashairi, na aliandika kwa hati nzuri miswada ya tenzi ambayo wataalamu wa Ulaya waliitafuta kwa bidii. Na sioni ni katika chumba kipi cha Waingereza angeketi. Kwa watu wake alikuwa fundi, na yalikwisha.

Katika mwaka 1951 Mombasa ilipata chuo cha ufundi cha Waislamu, kilichojulikana kwa jina la MIOME, ambacho ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na faida yake kwa vijana wa pwani haikanushiki. Lakini pamoja na vyuo zilikuja daraja za vyeti, na katika daraja hizo za Kenya artisan ni cheti cha chini, kikifuatwa na cha craft, kisha diploma. Hivyo mtu ambaye kwa Ndia Kuu ni mwalimu wa walimu, akiingia katika hesabu ya ofisi, huketishwa mlangoni pamoja na waanzao.

Hasara yake huonekana katika kuta. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na nyumba zake ni za matumbawe, boriti na chokaa, ambazo hazipatani na saruji, kwani saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta hata ukaanza kuoza. Na ajuaye kuichanganya chokaa hiyo si lazima awe na cheti. Hata maneno hutoweka pamoja na watu: Ahmed Sheikh Nabhany alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden mwaka 1979, akikusanya humo istilahi za waunda jahazi zisije zikazikwa pamoja nao.

Serikali ya Kenya sasa imeanza utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya madarasa, nami naupokea kwa furaha. Watakaompima fundi wa Ndia Kuu wasiishie kwenye mlango aliouchonga yeye. Wamwombe na majina ya wanafunzi wake, kisha wakaitazame milango ya hao, ndipo waandike daraja yake.