Ushirika wa Maua

Ushirika wa Maua ni ibada ya kila mwaka ya Waunitaria, aghalabu karibu na Juni. Mchungaji Norbert Čapek aliianzisha Praha mwaka 1923. Waumini wake wengi walikuwa wametoka Kanisa Katoliki, na mkate na divai havikuwavutia tena. Kila mmoja huleta ua, hata la kuchumwa njiani, na kulichomeka kwenye chombo cha pamoja. Akitoka huchukua lililoletwa na mwingine, kamwe si lake. Mke wa Čapek, Maja, aliifikisha ibada hiyo Marekani mwaka 1940. Čapek aliuawa na Wanazi mwaka 1942. Ushirika wa Maji, ibada nyingine ya Waunitaria ifanywayo Septemba, ni wa juzi tu: ulibuniwa na wanawake huko Michigan mwaka 1980.