Uchangamfu wa Nani? Historia Fupi ya Sifa Moja

Wahakiki wenzangu, tumezoea mno kuandika "mhusika huyu ni mchangamfu", kisha tunarukia sifa inayofuata. Anayetafsiri neno la Kiingereza "cheerful" naye hufanya hivyo hivyo: -changamfu, basi, kazi imekwisha. Makala haya yanadai kuwa kazi bado haijaanza.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Mzizi "cheer" waliupata katika Kifaransa cha kale, ukiwa na maana ya uso. Baadaye ukahamia ndani, ukawa hali ya moyo. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo bila kuazima kwao. Mwenye hasira hukunja uso, aliyeridhika huukunjua. Ndiko ilikotoka -kunjufu. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inapomsifu mtoaji kwa neno "cheerful" katika waraka wa pili kwa Wakorintho, watafsiri wa Biblia ya Union ya 1952 walichagua "ukunjufu", tena wakauweka moyoni. Uso ukawa moyo.

Lakini -changamfu ina safari yake. Chukua Buseresere, mji uliopakana na Katoro katika ukanda wa dhahabu, Wilaya ya Chato iliyomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 na kuingizwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Huko, kama kwingineko nchini, mtu akisema "mji umechangamka" hazungumzii uso wala moyo. Anazungumzia pesa. Dhahabu ikitoka, mji unachangamka. Isipotoka, unapoa, na mama ntilie anabaki na sufuria la wali. Bosi akimwambia mhudumu "Changamka!", hamwombi afurahi hata kidogo, anamtaka akimbie. Na mlevi je? Naye, eti, "amechangamka".

Kwa hiyo neno lilelile ni tabia, ni biashara, ni amri ya kazi, ni pombe. Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Kijana wa kiume mchangamfu husifiwa. Binti mchangamfu huanza kuchunguzwa. Hofu hiyo ndiyo tunayokutana nayo katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Zakaria anamchunga bintiye kwa viboko asizoeane na wanaume, na Rosa anapokuwa mbali na macho ya baba hana alichofundishwa cha kumwongoza. Mhakiki akiandika tu kwamba Rosa "alichangamka kupita kiasi", amehukumu kwa mdomo wa Zakaria bila kujua.

Hoja yangu ni hii: sifa haielei hewani. Kabla hatujamwita mhusika mchangamfu, tuulize nani anamwita hivyo, na kwa faida ya nani. Yule mhudumu anayetabasamu huku akikimbia na sahani tatu, je, amefurahi, au ameamriwa tu? Jamani, tusimpe alama za tabia njema kabla ya kumwuliza mshahara wake.